Nani Alimwangusha Okonkwo? Mandhari, Mhusika na Anguko katika Riwaya ya Achebe

Mwalimu mwenzangu, waulize wanafunzi wako wa kidato cha tatu ni nini kilichomwangusha Okonkwo. Aghalabu utapata majibu mawili. Wapo watakaosema ni wakoloni, na wapo watakaosema ni hasira zake. Kila jibu lina ukweli wake na mtahini mwenye huruma atalipa alama. Hata hivyo, yote mawili yanatenganisha mhusika na mandhari, kana kwamba mwandishi alimuumba mtu kwanza, kisha akatafuta kijiji cha kumweka. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mandhari, hulka na anguko vinavyoshikana katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka wa 1958, ambayo Clement Ndulute aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, ikachapishwa na East African Publishing House mwaka wa 1973.

Hebu tuanze na jina lenyewe. Jina la Kiingereza, Things Fall Apart, halimtaji mtu yeyote. Linazungumzia mambo kusambaratika. Tafsiri yetu imemleta mtu mbele na kumvika cheo cha shujaa. Simlaumu mfasiri, kwani jina hilo lina mvuto, lakini athari yake ni kubwa. Msomaji wa Kiingereza hufungua kitabu akisubiri kuona kitakachovunjika, ilhali msomaji wa Kiswahili hufungua akimtafuta shujaa. Waandikie wanafunzi majina haya mawili ubaoni kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza, uwaulize kila moja linaahidi hadithi ya nani.

Tukija kwenye mandhari, mazoea yetu ni kuandika "Umuofia, nchi ya Waigbo, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa" na kupita. Hiyo ni anwani tu. Tazama jinsi riwaya ilivyogawanywa. Ina sura 25 katika sehemu tatu, na kila sehemu ina mahali pake. Sura 13 za kwanza ziko Umuofia. Sura ya 14 hadi ya 19 ziko Mbanta, kwa wajomba zake Okonkwo. Sura sita za mwisho zinarudi Umuofia, ambayo sasa ina kanisa, mahakama na gereza. Ina maana kwamba zaidi ya nusu ya riwaya inakwisha kabla mzungu hajatia mguu Umuofia; anasikika tu katika maongezi ya watu. Mwanafunzi anayesema kwamba wakoloni pekee ndio waliomwangusha Okonkwo sharti atueleze sura hizo 13 zinafanya kazi gani.

Kwa maoni yangu, zinafanya kazi kubwa kuliko zote. Zinatuonyesha jamii ambayo humpima mtu kwa jasho lake mwenyewe wala si kwa jina la baba yake. Ndiyo sababu mwana wa Unoka, mpiga filimbi mwenye madeni asiyeacha hata ghala la viazi vikuu, anaweza kumbwaga Amalinze akiwa na umri wa miaka 18, akakopa mbegu kwa Nwakibie, akalima hadi akawa mtu wa vyeo na wake watatu. Pahali pengine pengi mtoto wa maskini asingepanda hivyo. Umuofia ndiyo iliyomwinua.

Lakini Okonkwo aliisoma Umuofia nusu. Aliona kwamba inaheshimu nguvu, akakomea hapo. Hulka yake yote imejengwa juu ya hofu ya kufanana na babake, na kwa kuwa Unoka alikuwa mpole, upole wote ukawa aibu machoni pake. Nusu ya pili ya Umuofia hakuitaka. Kuna Wiki ya Amani, ambapo hairuhusiwi hata kumkemea jirani kwa ukali, naye akampiga mke wake mdogo katika wiki hiyo na kutozwa faini na kuhani wa mungu wa ardhi. Kuna Obierika, rafiki yake, mtu mwenye cheo anayefikiri kabla ya kutenda. Yeyote anayeandika kwamba Okonkwo ni kielelezo kamili cha mila za Waigbo hajamtazama Obierika vizuri.

Anguko basi linaanza wapi? Hapa ndipo darasa huchangamka. Mimi nalianzisha kwenye kifo cha Ikemefuna. Kijana huyu ameishi kwa Okonkwo miaka mitatu na humwita baba. Mzee Ezeudu anakuja kumwonya Okonkwo asishiriki katika kumuua. Tambua kwamba Ezeudu hapingi amri ya mzimu wa Vilima na Mapango. Anachosema ni kwamba mkono wa baba usiwemo. Okonkwo anafuatana na wauaji, na kijana anapomkimbilia anamkata kwa panga, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Sheria ya Umuofia haimwadhibu kwa hilo. Inamwadhibu baadaye, bunduki yake inapolipuka kwa bahati mbaya na kumuua mwana wa miaka 16 wa Ezeudu, katika mazishi ya Ezeudu mwenyewe. Kwa kosa asilokusudia anahamishwa miaka saba na boma lake linachomwa, Obierika akiwa miongoni mwa wachomaji. Kinaya hiki hakitokani na hulka ya Okonkwo peke yake wala na sheria ya mahali peke yake. Aliyeua kwa kukusudia alibaki na cheo, na aliyeua bila kukusudia akapoteza kila kitu, naye ni mtu yule yule.

Mbanta nayo hupuuzwa sana katika miongozo, na ninasikitika kwa hilo. Ni nchi ya mamake, na mzee Uchendu anamweleza mbele ya ukoo kwa nini mtu mwenye uchungu hukimbilia upande wa mama. Mandhari yenyewe inampa Okonkwo nafasi ya kuijifunza ile nusu aliyoikataa. Hajifunzi. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa uhamishoni anamwita Nneka, yaani mama ni mkuu, lakini kwa adabu tu. Mvulana anapozaliwa miaka miwili baadaye anamwita Nwofia, jina lenye maana ya aliyezaliwa nyikani. Majina hayo mawili yanaeleza hulka yake kuliko orodha yoyote ya sifa utakayowapa wanafunzi wanakili.

Ni huko Mbanta vilevile ambako wamisionari wanapewa Msitu Mwovu wajenge kanisa, wenyeji wakitarajia kwamba watakufa upesi. Hawafi. Misitu ya aina hiyo ndimo jamii ilimotupa mapacha na wagonjwa wa maradhi ya mwiko. Unoka mwenyewe alipelekwa kufia katika ule wa Umuofia. Sasa waliotengwa wanapata dini iliyojengwa juu ya ardhi hiyo hiyo. Nwoye, ambaye moyo wake ulivunjika Ikemefuna alipouawa, anawafuata. Ukoloni unapoingia, haubomoi mlango. Unapitia ufa uliokuwapo.

Katika sehemu ya tatu Okonkwo anarudi kutafuta Umuofia iliyomwinua, asiipate. Anapomkata tarishi wa mahakama mkutanoni, watu wanawaacha matarishi wengine watoroke, na wengine wanauliza kwa nini amefanya vile. Hapo anajua kwamba hakutakuwa na vita. Anajitia kitanzi, na kwa kuwa kujiua ni chukizo kwa ardhi, watu wa ukoo wake hawawezi kumzika. Rudi kwa Unoka, ambaye naye hakupewa kaburi kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa chukizo kwa ardhi. Mwana aliyeishi maisha yake yote akimkimbia baba anaishia alipoishia baba. Mwanafunzi akiliona hilo bila kuambiwa, mpongeze.

Lipo zoezi moja ninalopenda kulitoa mwishoni. Katika ukurasa wa mwisho, Mkuu wa Wilaya anawaza kwamba kisa cha mtu huyu kitamtosha aya moja katika kitabu anachokusudia kuandika. Waambie wanafunzi waiandike aya hiyo kwa sauti ya Mkuu wa Wilaya, kwa maneno yasiyozidi 80, wakitumia tu mambo ambayo yeye aliyajua. Kisha waorodheshe kila kitu kilichoachwa nje: Ikemefuna, Ezeudu, Nwofia, filimbi ya Unoka. Tenga kipindi kizima kwa kazi hiyo, kwa sababu orodha huwa ndefu.