Vijiti Vimejaa, Pesa Haiendi: Jua Jinsi Mtandao Unavyopimwa

Umeshika simu, vijiti vyote vya mtandao vimejaa, umeingiza PIN, halafu kimya. Hakuna meseji. Unangoja dakika mbili, unatuma tena. Baadaye meseji mbili zinaingia kwa mpigo, na pesa imetoka mara mbili. Wateja wetu wa Kiwanjani, Isiolo, wanaijua hali hii. Kwa mama anayepakia mitungi ya maziwa ya ngamia kwenye basi la kwenda Nairobi, si mchezo. Basi halingoji meseji.

Tuanze na vijiti, maana ndivyo vinavyotudanganya. Mara nyingi vinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye simu yako, si kama simu inayaelewa vizuri. Tena kila mtengenezaji wa simu huamua mwenyewe kijiti kimoja ni kiasi gani. Mwaka 2010 Apple ilikiri hadharani kwamba hesabu yake ilikuwa na makosa na iPhone zilikuwa zikionyesha vijiti vingi kuliko hali halisi. Kwa hivyo simu mbili juu ya meza moja, laini za kampuni moja, zinaweza kutofautiana bila yoyote kuharibika.

Mafundi hawatumii vijiti. Nguvu wanaipima kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele. Ikikaribia sifuri ndiyo bora: -75 ni nzuri, -115 ni dhaifu sana. Kila ukishuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi, kwa hivyo kutoka -75 hadi -105 umepoteza mara 1,000! Kwenye simu nyingi za Android utaiona ukiingia mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini. Kwa iPhone piga *3001#12345#*.

Lakini nguvu ni nusu tu ya habari. Fikiria uko steji, makanga watano wanaita abiria kwa wakati mmoja. Sauti ni kubwa kweli, ila nani amesikia basi lipi linaenda Moyale? Hivyo ndivyo mawimbi yanavyoingiliana. Kipimo chake ni SINR, yaani mawimbi unayoyataka yanazidi kelele na mawimbi mengine kwa kiasi gani. Ikiwa 20 au zaidi, uko sawa kabisa. Ikishuka chini ya sifuri, kelele imeshinda, hata kama vijiti vimejaa.

Kelele hiyo inatoka wapi? Kwa 4G, minara jirani (busta, kama wengi wetu tunavyoiita) kwa kawaida hutumia masafa yaleyale. Ukisimama katikati ya miwili, yote inakuongelesha. Kuna pia vile vifaa vya kuongeza mtandao ambavyo watu hununua na kufunga dukani bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kinamsaidia mwenyewe, labda, halafu kinaharibia mtaa mzima.

Uwanja wa ndege je? Wengi huulaumu, hasa kwa sababu mtaa umepewa jina lake. Redio za marubani huongea katika masafa ya takriban MHz 118 hadi 137, na simu zetu ziko MHz 700 na kuendelea. Hazigombani. Uwanja unahusika kwa njia nyingine: mnara wowote karibu nao lazima urefu wake uidhinishwe na mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hivyo mnara hauwezi kusimamishwa popote tu.

Sasa, pesa yako. Menyu ya USSD ni mazungumzo ya moja kwa moja, yakikatika yameisha. Meseji ya uthibitisho ni tofauti, inaweza kuwekwa kando na kufika baadaye. Ndiyo maana muamala unaweza kuwa umeshakamilika kwenye mitambo yetu na wewe bado huna habari. Usitume tena kabla ya kuangalia salio au taarifa fupi ya akaunti. Sogea kwanza: toka chini ya mabati, vuka barabara, hata hatua chache hubadilisha mambo. Ikikataa, weka simu kwenye 2G kwa muda. Huko minara jirani hugawiwa masafa tofauti, na menyu ya USSD haihitaji kasi.

Na kama wewe ndiye unayelipwa, usikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja eti mtandao wako ndio mbaya. Matapeli wanazipenda sana siku za mtandao mbovu. Angalia salio lako mwenyewe, kwa simu yako mwenyewe, ndipo uachilie mzigo.