Ziara ya Makumbusho Isiwe Matembezi
Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi imehifadhi mifupa ya mvulana aliyeishi karibu na Ziwa Turkana yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, aliona kipande cha kwanza mwaka 1984, na wachimbaji wakapata karibu kiunzi kizima. Kundi la wanafunzi likipita hapo mbio mbio, kila mmoja akinakili maandishi ya kibao, limepoteza nauli yake. Meno ya mvulana huyo yanaonyesha umri wa miaka 8 au 9. Mifupa yake, ikipimwa kwa ukuaji wa binadamu wa leo, inaelekea 13. Mwanafunzi akiulizwa aamini ushahidi upi, atalazimika kuwaza kwamba huenda watu wale walikua haraka kuliko sisi. Hapo anafanya sayansi, hakariri.

Wapo watakaosema picha zimejaa vitabuni na kwenye intaneti. Ni kweli, lakini picha huja na jibu lake chini, na haimwonyeshi mtoto kwamba mvulana yule pengine alikuwa mrefu kumzidi yeye. Hoja ya gharama ina uzito zaidi, hasa kwa shule za mbali (Turkana kwenyewe, ajabu, ni mbali kuliko kwingi). Ndiyo maana ziara moja isitawanywe kwenye kumbi zote. Mwalimu, kabla hujakodi basi, chagua vitu vitatu tu, na waache wanafunzi waandike maswali yao wangali darasani.