Bustani ya Umma kwa Vijana Wanaocheza kwa Simu

Ipo michezo ya simu isiyochezwa kwa kukaa. Simu hutumia setilaiti kutambua mahali mchezaji alipo, na mchezo humtaka atembee hadi kwenye mti, sanamu au lango fulani ili apate alama. Pokémon GO, uliotolewa mwaka 2016, ulivuma sana duniani.

Michezo hii humtoa kijana nyumbani, lakini macho yake hubaki kwenye simu. Katika mji kama Mwingi, unaopitiwa na barabara kuu ya Nairobi hadi Garissa, hiyo ni hatari. Bustani iliyopangwa vizuri humpa mahali pa kutembea pasipo na lori wala bodaboda.

Vituo vya mchezo viwe ndani, mbali na barabara. Njia ziwe pana, bila mitaro iliyo wazi, ili anayetumia kiti cha magurudumu naye apite. Kivuli kitangulie mitambo, kwani kioo cha simu hakisomeki vizuri juani. Migunga na miarobaini hustahimili ukame. Maji ya kunywa, vyoo, taa za sola na viti vya wazee visisahaulike.

Kusubiri mpaka matatizo yatokee ni ghali. Katika Kaunti ya Milwaukee, Marekani, wachezaji walifurika bustani moja mwaka 2016, na majirani wakalalamikia taka na msongamano. Kaunti ikaamuru kampuni za michezo ziombe kibali. Mwaka 2017 mahakama ikasimamisha amri hiyo.

Vijana wenyewe wanaweza kuchora bustani yao. Tangu 2012, UN-Habitat imeshirikiana na waundaji wa mchezo wa Minecraft katika mpango wa Block by Block, ambapo wakaazi huijenga bustani kwanza kwenye kompyuta. Jijini Nairobi, uwanja wa Silanga, Kibera, na bustani ya Jeevanjee ni kati ya maeneo yaliyohusishwa.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la bustani na maeneo ya burudani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data ya mtoto, na mahali alipo ni sehemu ya data hiyo.

Wazazi na vijana wanahimizwa kuhudhuria vikao vya ushirikishaji wa umma na kutoa maoni mapema, kabla ramani haijachorwa.