Vumbi la Mbao kwa Seremala wa Nyumbani

Michoro ya bure ya kutengeneza stuli au rafu humpa anayejifunza useremala nyumbani vipimo na hatua za kazi, lakini aghalabu haimwelezi namna ya kujikinga na vumbi. Randa hutoa maranda yanayoanguka chini. Msasa, hasa wa mashine, huzalisha vumbi laini linaloelea hewani na kuvutwa hadi mapafuni. Vumbi la mvule huweza kusababisha mzio wa ngozi na pumu. Katika chapisho lake la mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliainisha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, hususan ya pua, kwa ushahidi uliotokana na mafundi waliolivuta kwa miaka mingi.

Inafaa kupiga msasa nje, mbali na watoto, kwa kuvaa barakoa ya N95 inayobana uso, kisha kupangusa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kuifagia. Kifua kinachobana kila baada ya kazi, au tundu moja la pua linaloziba au kutoa damu kwa wiki kadhaa, humlazimu mhusika kumwona daktari na kumtajia aina ya mbao anayotumia.