Je, Wajua? Thairoidi Ikikimbia, Thairoidi Ikilegea

Je, wajua kuwa chini kidogo ya kikoromeo chako ipo tezi yenye umbo la kipepeo, uzito wake gramu 15 hadi 25 tu, nayo ndiyo inayopanga moyo upige kwa kasi gani na chakula kichomwe mwilini haraka kiasi gani? Hiyo ndiyo thairoidi. Ikimwaga homoni kupita kiasi, mwili mzima hukimbia. Ikipunguza, mwili mzima huzubaa.

Je, wajua kuwa thairoidi ikizidi kasi mtu anaweza kula akashiba, akaongeza, na bado akakonda? Moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi, vidole hutetemeka, jasho humtoka wakati wenzake wametulia, usingizi humpaa, na kwa wengine macho hutokeza. Kwetu mtu akikonda ghafla, minong'ono haichelewi: ana virusi, ana kisukari, karogwa. Wagonjwa wanabeba majina yasiyo yao kwa miezi kadhaa, na kipimo cha damu hakijaombwa hata mara moja. Hili linaumiza, kwa sababu dawa ipo.

Ikilegea, mambo hugeuka. Mtu huona baridi, hunenepa bila kuongeza chakula, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, sauti hukwaruza, hedhi huwa nzito, nyusi hupungua upande wa nje. Husahau, huhuzunika, huchoka tangu asubuhi. Huyu naye huitwa mvivu.

Je, wajua kuwa mara nyingi adui ni kinga ya mwili wenyewe? Katika ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la daktari Robert Graves wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, kingamwili huichochea tezi bila kupumzika. Katika ugonjwa wa Hashimoto, kinga huishambulia tezi polepole hadi ikachakaa. Hakaru Hashimoto, daktari kijana wa Japani, aliuandika mwaka 1912 baada ya kuchunguza tezi za wanawake wanne. Wanawake ndio wanaopatwa zaidi na magonjwa haya, mara kadhaa kuliko wanaume.

Rais George H. W. Bush wa Marekani aligundulika kuwa na Graves mwaka 1991, baada ya mapigo ya moyo wake kuvurugika akiwa anakimbia mazoezi. Mkewe Barbara alikuwa tayari anao. Hata hivyo ugonjwa huu hauambukizi.

Mwanariadha Gail Devers aliugua Graves hadi miguu yake ikavimba na kuchubuka, ikasemwa huenda ikakatwa. Mwaka 1992, mjini Barcelona, alitwaa dhahabu ya mita 100.

Je, wajua kuwa kiluwiluwi kisichopata homoni ya thairoidi hakiwi chura? Hubaki majini, kikiongezeka ukubwa tu, bila kuota miguu.

Homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto, yaani ayodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Yakikosekana, tezi hujitanua ikijaribu kunasa kidogo kilichopo, na hapo ndipo rovu hutokea. Nyanda za juu zimeteseka zaidi, maana mvua za karne nyingi zimeosha madini hayo kutoka kwenye udongo, na Iringa, Mbeya na Rukwa zinalijua rovu vizuri. Lakini usidhani kukaa karibu na bahari kunatosha. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwakuta watoto wa shule wa Unguja na Pemba wana rovu, na Pemba ilizidi, ingawa samaki hawakosekani huko. Karibu kaya zote za Pemba zilikuwa zikitumia chumvi isiyotiwa madini joto. Chumvi ya kienyeji kutoka mashamba ya pwani ni nyeupe na inakolea chakula, ila tezi haipati kitu humo mpaka kiwanda kiitie madini joto.

Je, wajua kuwa muhogo nao unahusika? Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walikuta rovu kwa wingi mahali ambapo madini joto ni haba na muhogo ndio chakula kikuu. Sayanidi ya muhogo usioandaliwa vizuri hugeuzwa mwilini kuwa kemikali inayoizuia tezi kunasa madini joto. Kuloweka muhogo siku kadhaa na kuuanika juani huipunguza sana sayanidi hiyo. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara. Kisha likaja la pili: miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto mengi mno ilipofika eneo la Kivu, baadhi ya watu wazima waliokaa na rovu muda mrefu walipata thairoidi iliyozidi kasi. Kipimo sahihi cha madini kiwandani ni sehemu ya tiba.

Mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi mitatu ya kwanza, wakati ubongo unajengwa. Mtoto anayezaliwa na thairoidi isiyofanya kazi akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida hukua vizuri. Akichelewa, akili hudumaa na hairudi. Tone la damu ya kisigino linatosha kumgundua. Jimbo la Quebec, Kanada, lilianza kupima watoto wachanga mwaka 1974. Hospitali zetu nyingi bado hazipimi, na hilo halina udhuru.

Je, wajua kuwa kipimo kinachoitwa TSH husomwa kinyume? TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kuiamrisha thairoidi. TSH ikipanda, tezi imelegea. Ikishuka mno, mara nyingi tezi imezidi.

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama wa miaka 46, mwenye thairoidi iliyolegea, dawa iliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi. Leo kuna kidonge cha levothairoksini, kimoja kwa siku, humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, angalau nusu saa kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma na kalisi visubiri muda wa saa nne baada yake. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa.

Na kama unatumia kabimazoli kwa ajili ya thairoidi iliyozidi, kisha ukapata homa na koo likauma, usisubiri kesho. Acha dawa hiyo na nenda hospitali siku hiyohiyo upimwe chembe nyeupe za damu.