Linux ya Bure, Fundi wa Kulipwa: Hesabu ya Seva Garissa

Mwanzoni mwa 2024, dola moja ilipokaribia Sh160, msaada wa saa za kazi wa Red Hat, kampuni inayouza huduma za Linux, ungemgharimu mwenye seva moja karibu Sh128,000 kwa mwaka, kwa bei yake iliyozoeleka ya dola 799. Dola iliposhuka hadi Sh129 hivi, huduma ileile ikawa Sh103,000. Anayetaka kuhudumiwa saa 24 alikuwa akitozwa dola 1,299. Ofisi ya Garissa yenye seva tatu haiwezi kujua mapema bili hiyo itakuwa shilingi ngapi.

Kwa miaka mingi njia ya kuikwepa bili hiyo ilikuwa CentOS, Linux ya bure iliyofanana na ya Red Hat kwa karibu kila kitu isipokuwa ankara. Desemba 2020, takriban mwaka mmoja na nusu baada ya IBM kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34, kampuni hiyo ilitangaza kuwa CentOS 8 ingekoma mwisho wa 2021 badala ya 2029. CentOS 7 ilifuata tarehe 30 Juni 2024. Waliohamia matoleo mengine ya bure kama Rocky Linux, AlmaLinux au Debian hawakulipia leseni. Walilipia kazi ya kuhamisha data.

Nchini Kenya, hesabu hii inaonekana vizuri katika vituo vya afya vya umma. KenyaEMR, mfumo wa faili za wagonjwa unaotumika hasa katika kliniki za VVU, umejengwa juu ya OpenMRS, mradi wa 2004 wenye mizizi Eldoret na Mosoriot, na huwekwa kwenye Ubuntu, toleo jingine la Linux. Seva yake hukaa kituoni. Intaneti ikikatika, karani anaendelea kufungua faili kupitia mtandao wa ndani, na mwisho wa mwezi mfumo unatoa MOH 731, ripoti ya huduma za VVU.

Leseni ni sufuri. Hata hivyo, kazi ya kuuendeleza na kuutunza mfumo ilitegemea sana fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, programu ilibaki bure kama kawaida. Mishahara ya wanaoihudumia ndiyo iliyotikisika.

Umbali nao unaongeza bei. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi, na mafuriko ya Mto Tana ya Novemba 2023 na Aprili 2024 yaliikata barabara karibu na Madogo. Diski ikiharibika siku kama hiyo, mtaalamu wa kwenye simu hawezi kuibadilisha. Anahitajika fundi aliye mjini, mwenye diski ya akiba na nakala ya data ya jana.

Kwa bei ile ya dola 799 na dola ya Sh129, msaada wa Red Hat kwa seva tatu ulikuwa Sh309,000 kwa mwaka, yaani karibu Sh26,000 kwa mwezi. Kwa shule au duka la jumla, fedha hizo zina kazi zaidi mikononi mwa fundi wa mkataba. Benki haina uhuru huo: aliyeiuzia programu ya akaunti akisema anaihudumia kwenye Red Hat pekee, italipa. Wanaotumia Ubuntu 22.04 wana hadi 2027 kabla ya masasisho ya kawaida ya bure kukoma. Baada ya hapo watahamia toleo jipya au watatumia Ubuntu Pro, ambayo kwa wanaoilipia imekuwa dola 500 kwa seva kwa mwaka.