Malmesbury, mji wa soko alikozaliwa mwanamke aliyempiga Nsala picha

Wakongomani wengi wanaijua picha ile: baba ameketi barazani, mbele yake mkono na mguu wa binti yake. Baba ni Nsala, mtoto ni Boali, mahali ni Baringa, leo katika jimbo la Tshuapa, mwezi wa tano 1904. Aliyeshika kamera, mmisionari Alice Seeley Harris, alizaliwa mwaka 1870 huko Malmesbury, mji mdogo wa soko kusini-magharibi mwa Uingereza.

Mji huo uko juu ya kilima, na matawi mawili ya mto Avon yanakaribia kuuzunguka wote. Katika kanisa lake la zamani kuna kaburi la Athelstan, mfalme wa kwanza wa Uingereza yote, aliyekufa mwaka 939. Kaburi lenyewe ni tupu. Wakaaji wanasimulia pia juu ya Eilmer, mtawa aliyejifunga mabawa miaka elfu moja iliyopita, akaruka kutoka juu ya mnara na kuvunjika miguu yote miwili. Eti alijilaumu kwa kusahau kujiwekea mkia!

Urithi mzito zaidi ni ardhi. Inasemekana Athelstan aliwapa watu wa Malmesbury karibu ekari 600 kwa sababu walimsaidia vitani. Hadi leo chama cha wazao wao kingali kinazimiliki, na mwanachama mpya hupokelewa kwa sherehe ya bonge la udongo na kijiti. Kwetu, ambako shamba moja lenye hati mbili linaweza kugawa jamaa nzima, hilo linashangaza kuliko mabawa ya Eilmer.

Sokoni kuna banda la mawe lenye pande nane, lililojengwa karibu mwaka 1490. John Leland, msafiri aliyepita hapo miaka ya 1540, aliandika kwamba lilijengwa ili maskini wa soko wasilowe mvua inaponyesha. Bado limesimama.

Kanisa nalo liliponea chupuchupu. Mwaka 1539 mfalme Henry VIII alifunga nyumba ya watawa, na tajiri wa vitambaa William Stumpe akanunua majengo na kuingiza wafumaji wake ndani. Lakini sehemu moja aliwaachia raia iwe kanisa la parokia. Sehemu hiyo ndiyo iliyobaki. Nyingi ya zingine zilianguka au kubomolewa.

Alice alipanda meli kuja Kongo mwaka 1898, siku chache baada ya kufunga ndoa na John Harris. Picha zake zilionyeshwa katika mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani, watu wakaona mpira wa Kongo ulivyokuwa ukipatikana. Mwaka 1908 Léopold II alilazimika kuiachia Ubelgiji koloni lake. Alice alikufa mwaka 1970 akiwa na miaka 100. Kongo ilikuwa na miaka kumi ya uhuru.